Kumuuliza Tabibu wa Pili: Je, Ni Kuikimbia Kadari?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

 Tumepokea barua kutoka mji wa Kisii, kwa ndugu yetu mmoja aliyekuwa akihudhuria darsa hii kabla ya kwenda bara kwa biashara na kuoa huko. Barua yake haikuuliza juu ya tohara wala mirathi, kama tulivyozoea. Yauliza juu ya mkwewe, baba wa mkewe, mzee wa Kiislamu ambaye kwa miezi kadha amekuwa akikwamwa na chakula. Kwanza ugali ulimkataa, kisha wali, sasa hata uji mzito haupiti. Alipopelekwa kwa daktari alitiwa kooni kifaa kirefu chenye taa, na jamaa zake wakaambiwa kwamba ni saratani ya umio, yaani ya ile njia ipitayo chakula, na kwamba imekwisha kwenda mbali. Daktari akawaambia maneno machache: mrudisheni nyumbani.

Sasa nyumba imegawanyika. Mwana wa kwanza ataka babake apelekwe Nairobi, na ikiwa haikufaa apelekwe Bara Hindi, hata kama ni kwa kuuza kipande cha ardhi walicho nacho Nyamira. Mwana wa pili, kijana mcha Mungu, asema kwamba daktari amekwisha sema, na kwenda kumuuliza mwengine ni kutoridhika na aliyoyakadiria Mola. Jamaa wengine wa kijijini, ambao si Waislamu, washauri aendewe mpiga ramli ili ajulikane ni nani aliyemroga. Na mzee mwenyewe, asema ndugu yetu, hajaambiwa neno na mtu. Huambiwa kwamba ana vidonda vya tumbo.

Ndugu yetu ataka jawabu. Nasi tumeona tulitoe katika ukurasa huu, kwa kuwa hakuna mtaa wa pwani ambao jambo hili halijapita, na nyumba zetu hugawanyika vile vile.

Kabla ya kujibu, yanilazimu kusema jambo juu ya nafsi yangu. Miaka kadha iliyopita jirani yangu alitokwa na uvimbe shingoni. Alikwenda mahali akabonyezwa kwa vidole, akaambiwa ni saratani na imeenea. Hakukatwa nyama wala hakupimwa. Nduguze wakanijia kuniuliza kama wampeleke pengine. Nikawasomea aya za subira, nikawaambia kwamba ajali haina dawa. Wakanishukuru, wakenda zao. Mtu yule alikufa baada ya siku sabini. Baadaye daktari mmoja anayesali nasi aliniambia kwamba uvimbe wa tezi za shingo waweza kuwa ni saratani, na waweza kuwa ni kifua kikuu, na vidole haviwezi kutenga hili na lile. Na kwamba kifua kikuu cha tezi huponywa kwa vidonge vya miezi sita. Jirani yangu alikuwa na lipi? Sijui. Hakuna ajuaye, wala hatajua mtu mpaka Siku ya Kiyama. Nililolijua siku ile ni kwamba subira niliyomwamrisha haikuwa subira juu ya kadari ya Mungu. Ilikuwa ni subira juu ya dhana ya mtu mmoja, nami nikaivika dhana ile nguo ya kadari. Ndiyo maana barua hii ya Kisii sikuijibu kwa haraka.

Basi tuanze na shaka ya yule mwana wa pili, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa shaka yangu.

Sote twajua kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) alipotoka kwenda Sham, akapata khabari njiani, mahali paitwapo Sargh, kwamba tauni imeingia katika nchi ile. Alifanya nini? Aliwaita Muhajirina akawataka shauri, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitalifiana. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi, wakaafikiana kwamba arudi na watu. Rai tatu, katika jambo moja, kwa mtu ambaye hakuna amshindaye kwa kumtegemea Mola wake. Abu Ubayda (R.A.) alipomuuliza kama ataikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kwamba ni kweli waikimbia kadari ya Mungu, na waikimbilia kadari ya Mungu. Basi tabibu wa kwanza ni kadari, na wa pili pia ni kadari. Mwenye kusema kwamba neno la yule wa kwanza ndiyo hukumu ya Mungu, na la wa pili ni uasi, amemfanya mwanadamu mmoja kuwa msemaji wa Lauhul Mahfudh. Hilo ndilo la kuogopwa, wala si safari ya kwenda Nairobi.

Tena Mtume wetu (S.A.W.) amewaamrisha waja wa Mungu wajitibu. Na imepokewa katika Muwatta ya Imamu Malik kwamba mtu mmoja alijeruhiwa, wakaitwa watu wawili wa Bani Anmar, naye Mtume akawauliza ni yupi kati yao aliye bora zaidi katika utabibu. Angalieni swali hili. Hakuchukua aliye karibu, wala hakusema kwamba wote ni sawa maadamu mponyaji ni Mungu. Alitaka aliye hodari. Na Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua, Mtume alimwelekeza kwa Harith bin Kalada wa Thaqif, tabibu mashuhuri wa Waarabu, ambaye wanazuoni wengi hawakuthibitisha kusilimu kwake. Nalitaja hili kwa sababu huko Kisii yuko asemaye kwamba Mwislamu asipelekwe katika hospitali ya misheni. Elimu ya mwili ni elimu. Hutafutwa kwa ajuaye, kwa sharti ya kuwa mkweli na mwaminifu katika kazi yake.

Na kama mtu ataka dalili iliyo karibu zaidi na swali letu, na asome khabari za kufa kwake Umar mwenyewe, mwaka wa 23 wa Hijra (644). Alipochomwa kisu na Abu Luluah, aliletewa tabibu, akamnywesha maji yaliyorowekwa tende. Maji yale yakatokea katika jeraha, lakini rangi yake ilifanana na damu, watu wasijue kama ni kinywaji au ni damu. Hapo mwanawe Abdullah akamwita tabibu wa pili, mtu wa Kiansari katika Bani Muawiya. Huyu akamnywesha maziwa. Maziwa yakatoka jerahani meupe kama yalivyoingia. Akamwambia: ewe Amiri wa Waumini, usia. Umar akamjibu kwamba amesema kweli, na lau angalisema kinyume chake angalimwambia kuwa ni mwongo.

Ndugu zangu, katika kisa hiki mna jawabu la nyumba ile ya Kisii, lote. Tabibu wa pili aliitwa kwa kuwa kipimo cha kwanza hakikubainisha. Aliyeitwa alitazama jeraha lile lile, kwa kipimo kilicho wazi zaidi. Aliambiwa mgonjwa mwenyewe, wala hakufichwa. Naye mgonjwa alipoambiwa kweli aliipokea, asimtafute wa tatu amwambie atapona. Akashughulika na deni lake, na mambo ya Waislamu, na mahali pa kuzikwa kwake. Kuuliza kwao hakukuwa ni kukimbia mauti. Kulikuwa ni kutaka kuyajua yaliyo kweli, ili kila mtu afanye linalompasa.

Wala mafakihi wetu hawakughafilika na jambo hili. Sisi watu wa pwani ni Mashafii, na Al-Minhaj ya Imamu Nawawi ndicho kitabu cha darsa zetu. Katika mlango wa wasia imesemwa kwamba ikiwa pana shaka kama maradhi ya mtu ni ya kukhofiwa mauti, hayathibiti kuwa hivyo ila kwa kauli ya matabibu wawili waadilifu. Wawili, si mmoja! Na hayo ni kwa sababu gani? Ni kwa sababu mgonjwa wa maradhi ya mauti hawezi kutoa zawadi ya zaidi ya theluthi ya mali yake, na sharia haikukubali kumfunga mtu mkono katika mali yake kwa neno la tabibu mmoja. Ikiwa kwa ajili ya fedha zatakiwa ndimi mbili, je, kwa ajili ya roho iliyobaki kifuani mwa mtu tutatosheka na ulimi mmoja?

Sasa yapasa tuseme upande wa pili, kwa kuwa kila mlango wa kheri shetani huweka mguu wake.

Sisi mashekhe twamjua sana mtu wa aina moja. Huja kwako na swali la talaka, ukamjibu. Ukiisha kumjibu wasikia kwamba amekwenda kwa sheikh wa mtaa wa pili, kisha wa tatu, na kila aendako hupunguza neno katika kisa chake, mpaka ampate wa kumwambia lile alilotoka nalo nyumbani. Mtu huyo hakutafuta fatwa, alitafuta muhuri. Na katika maradhi watu hawa ni wengi zaidi, nao wana udhuru zaidi, kwa kuwa mauti yanatisha kuliko talaka. Daktari wa kwanza amesema kweli, wa pili amesema kweli ile ile, wa tatu pia. Basi huenda kwa wa nne, ambaye si daktari, ana chupa za majani na picha za watu aliowaponya, na huyo ndiye asemaye: nitakuponya kwa wiki tatu. Hapo jamaa hufurahi na kusema kwamba wamepata rai nyengine. Hawakupata rai. Wamepata mtu wa kuwauzia waliyokuwa wakiyataka.

Tofauti ya wawili hawa yajulikana kwa alama. Anayetafuta kweli humchukulia tabibu wa pili kila karatasi ya wa kwanza, na humwambia yote aliyoambiwa. Na kabla ya kwenda hujiuliza nafsini: huyu akiafikiana na mwenzake, je, nitakubali? Ikiwa jawabu ni la, basi akae kwanza na nafsi yake, maana safari hiyo haina mwisho.

Na alama kubwa kuliko hizo ni kwamba rai ya kweli ina kitu ambacho macho mawili yaweza kukitazama. Watu wa Kisii wanayo mfano mwema wa jambo hili. Tangu zamani Abagusii walikuwa na mabingwa wa kupasua fuvu la kichwa kwa mtu aliyeumizwa, hata madaktari wa Kizungu katika karne ya 20 wakaenda kuwatazama na kuandika khabari zao. Mtu aweza kuikubali au kuikataa kazi yao, lakini jeraha lilikuwapo, mfupa ulikuwapo, na bingwa wa pili aliweza kusimama karibu na wa kwanza akasema: hapa umekosea. Ndivyo ilivyo nyama inayotazamwa kwa hadubini. Mpiga ramli je? Aliyoyaona yuko peke yake aliyeyaona. Hakuna awezaye kumsahihisha, kwa hivyo hawezi kuwa wa pili kwa mtu yeyote. Ukimwendea hukuongeza rai, bali umeacha kutaka kujua.

Na gharama yake hailipwi na mgonjwa peke yake. Mwezi wa Mei 2008, katika vijiji vya Kisii, watu 11, wengi wao wazee, waliteketezwa kwa moto kwa tuhuma za uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021 wanawake 4 waliuawa vivyo hivyo huko Marani, katika Kisii hiyo hiyo. Mwenye kumuuliza mpiga ramli ni nani aliyemroga babangu, ataka apewe jina. Na jina hilo lina mwenyewe, ana nyumba na wajukuu. Wala sisi wa pwani tusijione bora. Wazee wa Kilifi wanauawa kwa tuhuma hizi hizi, na ramli hupigwa katika miji yetu chini ya minara ya misikiti. Kumsomea mgonjwa Fatiha na kumwombea dua ni sunna iliyothibiti, nasi hatuikatazi. Tunalolikataza ni kumtaja mtu kuwa ndiye aliyeuleta ugonjwa.

Nimeulizwa pia juu ya kumficha mzee. Najua kwamba wanafanya hivyo kwa mapenzi. Hata sisi mama zetu tumewaambia kwamba ni baridi yabisi, hali twajua ni nini. Lakini hebu na tufikiri. Mwana wa kwanza ataka kuuza ardhi. Ardhi hiyo ni ya nani? Ni ya mzee. Atauzaje mali ya mtu mwenye akili timamu bila ya kumwambia kwa nini yauzwa? Mwana wa pili ataka babake asubiri. Atasubirije juu ya jambo asilolijua? Subira ni tendo la moyo wa mgonjwa. Hawezi mtu kumsubiria mwengine kwa siri. Na mzee huyu huenda ana deni, ana amana ya watu, ana mtu aliyekosana naye tangu ujanani. Tukimficha tumemnyang'anya siku za kuyatengeneza hayo, naye hakutupa ruhusa. Basi na aambiwe, na mtu anayempenda, kwa upole, kidogo kidogo kwa kadiri anavyouliza, na kweli ile isivishwe tumaini la uwongo. Na akisema mwenyewe: sitaki kujua zaidi, waulizeni nyinyi, hiyo ni haki yake.

Na ikiwa, baada ya kujua, hataki safari wala dawa? Katika madhehebu yetu kujitibu ni sunna, si faradhi kwa kila hali. Yule mwanamke aliyekuwa akishikwa na kifafa alikhiyarishwa na Mtume (S.A.W.) baina ya kuombewa apone na kusubiri apate Pepo, naye akakhiyari kusubiri. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyekhiyarishwa. Hawakukaa nduguze nje ya mlango wakamkhiyaria.

Juu ya mali, nasema hivi. Mgonjwa aliyeuza kitu chake kwa bei ya haki ili ajitibu, mauzo yake ni sahihi, wala hakumdhulumu mrithi. Theluthi ni mpaka wa zawadi na wasia, si mpaka wa kununua dawa. Lakini Kisii na Nyamira ni nchi ya milima yenye rutuba, ya chai na ndizi, na watu wake ni wengi hata mashamba yamegawanywa yakawa vipande vidogo vidogo. Kipande kikiuzwa hakirudi. Basi isiuzwe ardhi kabla ya kuulizwa swali moja: fedha hizi zanunua nini? Zanunua uponyaji, au zanunua miezi, au zanunua kupunguziwa maumivu, au zanunua tikiti ya ndege tu? Mwezi wa Julai 2019 nchi yetu ilifiwa na watu watatu mashuhuri kwa saratani: Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, Ken Okoth, mbunge wa Kibra, na Joyce Laboso, gavana wa Bomet, ambayo ni jirani ya Nyamira. Wote watatu walikuwa wametibiwa ng'ambo. Hatusemi kwamba walipoteza mali zao, maana hatuyajui ya vitanda vyao. Twasema tu kwamba ng'ambo hakuuzwi ajali, na masikini asidhani kuwa babake amekufa kwa sababu hakupanda ndege.

Sasa tuje katika njia ya kutenda, kwa kuwa nasaha isiyo na njia ni mzigo.

Kwanza, warudi kwa daktari yule yule wa kwanza, kwa adabu, wamwombe karatasi. Kutaka rai ya pili si kumtukana. Hati ya Haki za Wagonjwa iliyotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013 imeitaja kuwa ni haki ya mgonjwa, na daktari mwadilifu hakasiriki. Wamuulize: je, nyama ilikatwa, na majibu ya kipimo yametoka? Ndugu yetu katika barua yake hajui. Hili ni la kwanza, maana bila ya kipimo cha nyama saratani hujengewa juu ya dhana. Pili, wajue kwamba mara nyingi si lazima kumsafirisha mgonjwa dhaifu. Vipande vya nyama vilivyohifadhiwa, na picha, na majibu, vyaweza kupelekwa kwa mtaalamu mwengine naye akavitazama, na mgonjwa yupo kitandani pake. Tatu, wamuulize daktari yaweza kungojwa siku ngapi. Maradhi haya hayatungojei, na kuuliza kuliko na muda wake ni shauri. Kuuliza kusiko na muda ni kuchelewesha. Nne, wamuulize wa pili maswali haya: Ni saratani kwa yakini? Imefika wapi? Dawa unayoitaja ni ya kuponya au ya kupunguza? Na tusipofanya kitu, itakuwaje?

Mahali pa kuulizia papo. Zamani mtu aliyetaka matibabu ya mionzi katika hospitali ya serikali hakuwa na pa kwenda ila Kenyatta, Nairobi, nasi wa Mombasa twayajua yale mabasi ya usiku yenye wagonjwa. Tangu mwaka 2019 iko pia hospitali kubwa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Eldoret iko hospitali ya rufaa ya Moi. Kisii kwenyewe iko hospitali ya rufaa, na ule mradi wa kituo cha saratani, kwa fedha za benki ya Kiarabu ya maendeleo ya Afrika na za Mfuko wa Saudia, uliwakawilia watu wa huko miaka mingi. Na kwa maradhi haya ya umio khasa, ambayo ni mengi katika magharibi ya nchi yetu na nyanda za juu za Bonde la Ufa, iko jirani yao Bomet hospitali ya misheni ya Tenwek, iliyoanzishwa mwaka 1937, ambayo madaktari wake wamejulikana kwa kuweka mrija ndani ya umio ulioziba, ili mgonjwa aweze kumeza tena.

Hayo ndiyo niliyomwandikia ndugu yetu. Wala nisingaliyachapisha lau si barua yake ya pili, iliyonifikia mwezi uliopita, naye ameniruhusu kuitaja bila ya jina.

Asema walimwambia mzee. Aliyemwambia alikuwa ni yule mwana wa pili. Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema: nilikuwa najua, nilikuwa nawangojea nyinyi. Akataka aulizwe tabibu mwengine, mmoja tu, tena wa karibu, na akakataza ardhi isiuzwe. Wakampeleka katika hospitali ya jimbo jirani na karatasi zake zote. Tabibu wa pili akasema kama alivyosema wa kwanza: ni saratani kwa yakini, imekwenda mbali, haiponi. Lakini akaongeza jambo ambalo wa kwanza hakulisema, au hakuulizwa: kwamba kutopona si kutosaidika. Wakamtia mrija, na siku ya pili mzee akanywa uji, kisha supu, na baada ya juma akala wali laini. Amepewa na dawa ya maumivu. Amemwita ndugu yake wa kijijini, waliyenuniana kwa sababu ya mpaka wa shamba, wamepatana mbele ya mashahidi. Deni lake la duka limelipwa. Wasia umeandikwa.

Basi ndugu yangu wewe uliyedhani kwamba kuuliza mara ya pili ni kutafuta kubatilisha hukumu, angalia. Hukumu haikubatilika. Lililopatikana ni yakini mahali pa dhana, na siku za kula mahali pa siku za njaa, na mtu akafunguliwa kinywa cha chakula na kinywa cha maneno pamoja. Lau wangalimrudisha nyumbani kama walivyoambiwa, wangalimrudisha kufa kwa njaa na huku wakiita hiyo kuwa ni kuridhika.

Mwisho wa barua mna swali, nalo ni la mzee mwenyewe. Asema: Ramadhani yakaribia, na sasa ninameza, je, nifunge?

Tumemjibu kwamba asifunge. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona hutoa fidia, kibaba kimoja cha chakula cha nchi kwa kila siku, na huko kwao mahindi yapo. Na sisi twamwomba yeye atuombee, maana dua ya mgonjwa haina pazia.

Wa billahi ttawfiq.